Bei hii ni kwa siku 14

Nina kaunta buku moja la kwaya tatu ambalo jalada lake limeliwa na vumbi la Nala, pembezoni mwa Dodoma. Nilianza kuliandika Septemba 2017, siku lori la kwanza la mawe ya msingi lilipomwaga mzigo kwenye kiwanja changu, na tangu siku hiyo sijanunua hata misumari robo kilo bila kuiandika. Ni ugonjwa wa kazi. Mimi ni mhasibu, nimeletwa Dodoma na wizara kama wenzangu wengi baada ya lile tangazo la Julai 2016 la serikali kuhamia huku, na mtu aliyezoea vocha hawezi kujenga kwa kukariri. Mume wangu huwachekesha wageni kwamba kuna ukurasa umeandikwa "ng'ombe wamekunywa maji ya boza, kama lita 200". Ni kweli umeandikwa. Maji yale ya lori nilikuwa nimeyalipia.

Jumapili moja, yapata wiki mbili zilizopita, nililifungua tena. Nataka kujenga uzio, na kabla ya kumpigia fundi nilitaka kujua bei zimetembeaje tangu tuanze. Nikakaa barazani na kalamu nyekundu na kikokotoo cha simu. Nilidhani itakuwa kazi ya nusu saa.

Septemba 2017 mfuko wa saruji wa kilo 50 niliununua 13,000. Nondo ya milimita 12 ilikuwa 17,500. Tofali la inchi 6, shilingi 1,000 likiwa limefikishwa saiti. Fundi mwashi nilimlipa 20,000 kwa siku, saidia fundi 8,000. Ukifungua Machi 2022, wakati tunafunika shimo la choo, saruji ni 17,000, nondo 26,000, fundi 25,000 na saidia fundi 10,000.

Ukiangalia haraka utasema kila mtu kapata chake. Nami nilisema hivyo. Ila nikajiuliza swali la kijinga ambalo mhasibu hafundishwi: siku moja ya fundi inanunua nini dukani? Kwa saruji hajapoteza sana, mfuko mmoja na nusu wakati ule na karibu mfuko mmoja na nusu baadaye. Njoo kwenye nondo. Mwaka 2017 siku yake moja ilinunua nondo moja na chenji ikabaki ya chapati na soda. Mwaka 2022, fundi yuleyule, mwiko uleule, anafanya kazi kutwa nzima juani halafu dukani anaambiwa aongeze elfu moja.

Mtu wa takwimu ataniambia fundi huyo bado ameupita mfumuko wa bei, kwa kuwa miaka hiyo mfumuko wa taifa ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 6 kwa mwaka. Sawa. Lakini fundi hali kapu zima la bidhaa ambalo taifa hupimia mfumuko. Anakula unga, analipa chumba, na Dodoma vyumba vilianza kupanda bei siku watumishi tulipoanza kushuka kwenye mabasi. Mwanzoni mwa 2023 sembe niliinunua 2,000 kwa kilo hapa mjini. Halafu fundi halipwi siku thelathini. Nimehesabu mahudhurio yake kwangu katika miezi ambayo tulikuwa tunajenga kweli: hazizidi siku 15 kwa mwezi. Siku nyingine alikuwa ananisubiri mimi nipate hela.

Ukurasa ulionikalisha barazani hadi mbu wakaanza ni wa Novemba 2020.

Wanaojenga watakuwa wanaukumbuka mwezi huo. Saruji ilipaa nchi nzima hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaingilia kati akitaka maelezo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutoa: viwanda viko kwenye matengenezo, malori hayatoshi, miradi mikubwa inakula mzigo wote. Na miradi ilikuwa inakula kweli. Bwawa la Nyerere, reli ya SGR ambayo kipande cha Morogoro hadi Makutupora peke yake ni kilometa 422, Mji wa Serikali pale Mtumba. Sisi wa katikati ya nchi tuna shida yetu ya ziada, kwamba saruji yetu inatoka mbali, Wazo Hill, Tanga, hata Mtwara na Mbeya. Kila mfuko huanza kwa kupanda lori, ndipo upande bei.

Mimi nilikuwa nakimbizana na tarehe. Masharti ya umiliki wa kiwanja yanataka kiendelezwe ndani ya miezi 36, na miezi yangu ilikuwa imeisha nikiwa na kuta zilizofika madirishani. Nilihitaji mifuko 60: 20 ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, na 40 ya kufyatulia tofali 1,200 zilizobaki. Bajeti yangu ilisema 13,500 kwa mfuko, yaani 810,000. Dukani nikaandikiwa 18,500. Jumla 1,110,000. Upungufu 300,000 kamili.

Yule mwenye duka hakubishana nami. Alinigeuzia tu karatasi ya makadirio, akaniwekea kidole kwenye mstari wa chini uliopigwa mhuri: "Bei hizi ni kwa siku 7." Nilikuwa nimeichukua siku kumi na moja nyuma. Nikasema asante, nikaondoka. Hebu fikiria, nikasema asante.

Kwa fundi nilikwenda na sauti nyingine. Tulikuwa tumekubaliana ufundi wa hatua ile ni 650,000, yeye na vijana wake. Nilimkuta anasafisha pimamaji kwa pindo la shati. Nikamwambia, "Fundi, hali unaiona. Saruji imekuwa dhahabu. Tufanye laki tano, tusaidiane."

"Dada, vijana wako wanne," akasema.

"Naelewa fundi, ila hali unaiona."

Akatazama kuta, akatazama lile pimamaji. "Sawa," akasema.

Kesho yake vijana walikuwa wawili. Zege ambalo lingebebwa na watu wanne lilibebwa na wawili na fundi mwenyewe, karai begani, ngazi ya miti. Niliandika kwenye daftari: "Ufundi 500,000. Punguzo 150,000." Nilipigia mstari lile neno punguzo, nadhani kwa furaha.

Halafu nikaenda kwa mfyatuaji. Mfuko mmoja wa saruji ukiufyatua vizuri unakupa tofali 30 za inchi 6. Nikamuuliza kama anaweza kuvuta zaidi. Akacheka, akasema mama hata 45 zinatoka, wengi siku hizi wanataka 45. Kwa 45, tofali zangu 1,200 zinataka mifuko 27 tu. Mifuko 13 ikaokoka. Nayo iko kwenye daftari, imezungushiwa duara.

Sasa hapa ndipo kikokotoo kiliponiumbua. Mifuko 47 kwa 18,500 ni 869,500. Bajeti yangu ilikuwa 810,000. Kwa hiyo baada ya kubana tofali, upungufu wangu halisi ulikuwa 59,500. Nilikata kwa fundi 150,000. Zikabaki 90,500, na ukurasa unaofuata unaonyesha zilikokwenda: "Sinki la jikoni, 85,000." Nyumba haina paa, haina jiko, haina hata bomba, mimi nimenunua sinki. Lilikaa miaka miwili kwa jirani, kuku wanatagia humo.

Sikujua. Nilikuwa nimejishawishi kwamba saruji ndiyo iliyonilazimisha.

Tofali zile ziko ukuta wa nyuma, chumba cha watoto. Ukipitisha ukucha zinatoa unga. Lipu imeshabanduka mara mbili, na ukitaka kujua gharama ya kweli ya saruji ya Novemba 2020, jumlisha na lipu hizo mbili. Ninachoanza kuamini ni kwamba bei ya vifaa inayosemwa mtaani ni nusu ya habari. Nusu nyingine imejificha ndani ya kifaa. Tofali lilibaki 1,000 kwa muda mrefu sana huku saruji ikipanda, na tukashangilia kwamba tofali halijapanda. Lilikuwa limepanda, ila limepandia kwenye idadi ya tofali zinazotoka mfuko mmoja.

Nondo ndiyo hodari zaidi kwa mchezo huu, na ni fundi aliyenifundisha. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi ya nusu. Mwezi uleule wa lenta nilileta nondo kutoka duka moja lenye bei nzuri kuliko wenzake. Fundi akaishika, akaipima kwa kiganja, akasema hii si kumi na mbili. Tulichukua tatu, zikiwa zimekunjwa, tukazipeleka kwenye mzani wa jirani anayenunua alizeti. Tatu zilipaswa kuwa kilo 32. Zikasoma 27. Hiyo ni milimita 11, iliyovaa jina la kumi na mbili. Nilizirudisha, wakanibadilishia bila maneno mengi, na kutobishana kwao kuliniambia kuwa sikuwa wa kwanza. Ukinunua nondo, beba mzani. Ukinunua bati, kumbuka geji 32 ni nyembamba kuliko 30, namba ikikua bati linakonda. Muuzaji hatakukumbusha.

Kuna kifaa kingine ambacho watu wa Dar hawakiandiki kabisa: maji. Nala nilipoanza hakukuwa na bomba. Boza la lita 10,000 lilikuwa 60,000 mwaka 2018, na 90,000 mwaka 2022, na bei hiyo ni dizeli zaidi kuliko maji. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma unakausha zege kabla hujafika kwenye geti. Tofali linataka kumwagiliwa siku 7. Nani anamwagilia siku 7 kwa maji ya boza? Tunamwagilia mbili, ya tatu tunamwachia Mungu. Babu zetu wa Kigogo walijenga tembe, kuta za miti na udongo, paa la udongo juu ya magogo, vifaa vyote vilivyokuwa hatua chache kutoka mlangoni. Sisemi turudi huko, nimelala kwenye tembe nikiwa mgeni na najua shughuli yake masika. Ila ni nyumba ambayo bei ya dizeli haikuihusu.

Mbao nazipitia haraka. Zinatoka Mafinga, na tangu barabara ya Iringa kupitia Mtera ilipokamilika kwa lami na kuzinduliwa 2018 zinafika upesi. Bei haikushuka, mzigo tu ndio ulioacha kuchelewa. Vigae ndivyo vilivyonihurumia peke yake, nadhani kwa sababu ya viwanda vya Mkuranga na Chalinze. Vitasa, nyaya na taa vilifuata dola, na dola ilitoka kwenye 2,300 mwanzoni mwa 2023 ikakaribia 2,700 mwaka uliofuata. Julai 2023 ikaja tozo ya shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, ambayo kwa mfuko ni 1,000 kamili. Duka nililozoea halikusubiri Julai, lilipandisha wiki bajeti iliposomwa.

Linganisha hiyo na ujira. Saruji inapanda ikiwa imelala stoo. Fundi hapandi akiwa amelala. Lazima aje, asimame mlangoni, aamkie, aulizie watoto, ndipo aseme, na akisema anaonekana ana tamaa. Nimewahi kuona ujira ukipanda wenyewe mara mbili tu. Ya kwanza ni mwishoni mwa 2018, majengo ya mwanzo ya wizara yalipoanza kusimama Mtumba na kila aliyewahi kushika mwiko akaelekea huko. Ya pili ni Novemba 2021.

Oktoba ya mwaka huo Rais Samia alizindua hapahapa Dodoma ule mpango wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa darasa, yawe tayari wanafunzi wa Januari wakiingia. Mimi nilikuwa nataka kupaua kabla ya mvua. Nikampigia fundi. Nyuma yake nasikia nyundo. "Mama, niko Bahi, tunakimbizana na tarehe." Huko nyuma nilikuwa dada, sijui lini nilipandishwa cheo. Nikatafuta mwingine, naye yuko shuleni. Wa tatu akaniambia 35,000 kwa siku au nisubiri Februari. Nililipa. Mvua za Dodoma ni chache lakini zikija Desemba hazibishi hodi.

Alipotoka Bahi nilimuuliza amepata nini. Akaniambia bei ya ufundi ilikuwa imeshapangwa kulingana na hizo milioni 20, na milioni 20 ni zilezile ukiwa karibu na saruji au mbali nayo. Kilichozidi kwenye vifaa kilitafutwa kwenye ufundi. Nikanyamaza, maana niliujua mtindo huo.

Kwa kawaida ujira wa huku unafuata mvua. Desemba hadi Machi vijana wanarudi kwao Kondoa, Kongwa, Chamwino, kulima mtama, uwele na alizeti, na saidia fundi unamtafuta kwa tochi. Baada ya mavuno wanarudi mjini kwa makundi, na miaka ile Julai ulimpata wa 10,000, hata wa chini ya hapo ukiwa na roho ngumu. Mwenye akili anajenga Julai. Na mwenye akili huyo huwa hajiulizi kwa nini mavuno ya mwaka huo yamewaleta wengi kiasi kile.

Lakini ninachotaka kusema hasa kiko mezani kwangu ofisini. Sehemu ya kazi yangu ni kupitia hati za malipo za makandarasi. Mkataba mrefu wa serikali una kifungu cha marekebisho ya bei. Kuna fomula: sehemu moja haiguswi, zilizobaki zimegawanywa kwa nguvu kazi, saruji, chuma, dizeli, kila moja na uzito wake. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, linatoa fahirisi za bei, yaani namba zinazoonyesha bei zimetembeaje. Mkandarasi anachukua ya wakati wa zabuni na ya wakati wa kazi, anaingiza kwenye fomula, tofauti analipwa. Haombi. Haulizii watoto. Nimeshapitisha nyongeza za namna hiyo asubuhi bila moyo kwenda mbio, kwa sababu ni haki, mtu hawezi kujengea bei za jana. Jioni ya siku moja kati ya hizo nilibishana na fundi kwa 5,000.

Ndiyo, kuna amri za kima cha chini. Ile ya 2013 iliweka 325,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa mkandarasi wa daraja la kwanza, ikaja nyingine 2022. Fundi wangu hajawahi kuwa mfanyakazi wa mtu kwa mwezi mzima. Yeye ni wa kulipwa kwa siku, kwa kozi (safu moja ya ukuta), kwa tofali. Amri hizo zinapita juu yake kama ndege ya kwenda Mwanza.

Ugomvi wa hiyo 5,000 ulikuwa Machi 2022, pale kwenye shimo la choo. Alitaka 30,000. Nikamwambia fundi, nondo imefika 26,000, nitoe wapi? Akaweka mwiko chini polepole.

"Mama, vifaa vikipanda unaninyima kwa sababu vimepanda. Vikishuka utaninyima kwa sababu gani?"

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, na daftari halikuandika. Limeandika 25,000.

Yeye naye anajenga. Ana kiwanja Mkonze, na tofali 700 alizozifyatua mwenyewe, 30 kwa mfuko, zimepangwa tangu 2019. Nilizipiga picha siku nilipompeleka kwa gari. Nyasi zimeota katikati ya safu na mjusi ana makazi humo. Anasema zile hazina haraka, zinazidi kukomaa. Anahitaji nondo 38, na kila akikusanya hela za nondo kumi, bei inasogea.

Sasa uzio. Nilimpigia Jumapili ile ile usiku, nikamweleza mita, akasema atanitumia. Miaka yote makadirio yake yalikuwa ya mdomo, nami ndiye niliyekuwa nayaandika, kwa hiyo nilikuwa nikiyaandika ninavyopenda. Safari hii ilikuja picha ya karatasi ya mistari, imepigwa rula, mwandiko wa mtoto wake wa sekondari. Kuna tofali, "30 kwa mfuko, zaidi ya hapo sijengi". Kuna maji, maboza mawili. Kuna kumwagilia siku 7, na mbele yake kiasi cha anayemwagilia. Kuna nauli ya vijana kutoka Mkonze hadi Nala. Ufundi 35,000 kwa siku, saidia fundi 15,000, watu wanne, idadi imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno kama hundi.

Chini kabisa, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa kalamu ya bluu: "Bei hii ni kwa siku 14."

Nimeandika jibu mara tatu. Kila mara linaanza na "Fundi, hali unaiona", na kila mara nalifuta. Leo ni siku ya 11.